Je, chembe za plastiki zimeshamdhuru mtoto aliye tumboni?

SWALI: "Nina ujauzito wa wiki 30 na mtoto mwingine wa miaka mitatu. Kwa muda mrefu tumekuwa tukipasha chakula kwenye vyombo vya plastiki ndani ya maikrowevu, na maji ya kunywa ni ya chupa. Mtoto wa kwanza alitumia chupa ya plastiki, na huyu anayekuja nategemea kumchanganyia maziwa ya unga nikirudi kazini. Juzi nimesoma kwamba kila wiki tunameza plastiki yenye uzito wa kadi ya benki, kwamba imekutwa kwenye kondo la nyuma, na kwamba ubongo wa mtu una plastiki ya kujaza kijiko. Tangu hapo silali vizuri. Mume wangu ana presha, naye amesikia kwamba plastiki inaleta kiharusi. Je, nimeshamdhuru mtoto? Kuna kipimo cha damu au dawa ya kusafisha mwili? Na kwa kuwa siwezi kutupa kila kitu jikoni, nianze na nini?"

JIBU: Dada, nianze na la haraka ili leo upate usingizi. Hakuna ushahidi kwamba chakula ulichopasha kwenye plastiki kimemdhuru mtoto wako. Wala hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema chembe hizo hazina neno kabisa. Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti zilizokuwapo, mwaka 2019 kuhusu maji ya kunywa na mwaka 2022 kuhusu chakula na hewa, likakwama hapohapo: takwimu hazitoshi kutoa hukumu. Lakini kuna mambo ya kufanya wakati sayansi inaendelea kutafuta jibu, na mengi kati ya hayo yanahusu kitu kimoja, nacho ni joto. Nitakirudia sana.

Mikroplastiki ni vipande vya plastiki vyenye ukubwa usiozidi milimita 5. Jina lilienea kuanzia 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walipochapisha makala kuhusu plastiki iliyosagika baharini. Ubaya wa jina hilo ni kwamba limebeba vitu visivyofanana: kipande kikubwa kama punje ya dengu, na chembe isiyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, vyote vinaitwa mikroplastiki. Vile vilivyo chini ya mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, watafiti wengi huviita nanoplastiki. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Kaa na kipimo hicho akilini.

Sasa ile kadi ya benki. Ilitokana na makadirio yaliyotangazwa mwaka 2019, yaliyosema mtu humeza kati ya gramu 0.1 na gramu 5 kwa wiki. Vichwa vya habari vilichukua tarakimu ya juu, ile ya chini ikasahaulika. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walirudia hesabu kwa uangalifu zaidi, wakizingatia kwamba chembe ndogo ni nyingi na kubwa ni chache. Walipata kwamba mtu mzima wa kawaida huingiza takriban chembe 883 kwa siku, na uzito wa zote hizo ni nanogramu 583 tu (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Kwa kasi hiyo, kufikisha gramu 5 za kadi kungehitaji zaidi ya miaka 23,000. Hesabu hiyo haikugusa nanoplastiki, kwa hiyo si neno la mwisho, lakini kadi ya benki kila wiki unaweza kuisahau.

Kuna mtego mwingine katika habari hizi, nao ni kuchanganya idadi na uzito. Ukisoma "chembe bilioni moja" moyo unaruka. Hebu tupige hesabu: chembe bilioni moja zenye upana wa nanomita 100 kila moja (sehemu moja ya kumi ya mikromita), ukizikusanya zote, zina uzito wa takriban nusu mikrogramu (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Hiyo ni kama sehemu moja ya elfu ya punje ya sukari. Chembe moja pekee yenye upana wa mikromita 100, nene kidogo kuliko unywele, ina uzito uleule. Mbele ya mizani hizo mbili ni sawa, mbele ya mwili sivyo. Ile moja kubwa itapita tumboni na kutoka chooni. Zile bilioni zina eneo la nje kubwa mara elfu moja, na baadhi yake ni ndogo kiasi cha kuweza kupenya. Kwa hiyo unapokutana na tarakimu ya kutisha, uliza kwanza chembe hizo zina ukubwa gani.

Mamlaka ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2016 kwamba chembe zinazozidi mikromita 150 hazitarajiwi kupenya ukuta wa utumbo, na kwamba zile zinazoweza kufika ndani kabisa ya viungo ni zenye ukubwa chini ya mikromita 1.5 au karibu na hapo. Zikishapenya, kazi inabaki kwa seli za kinga zinazoitwa makrofaji, ambazo humeza kila kitu kigeni ili kukisaga. Bakteria husagika. Plastiki haisagiki. Seli inabaki na mzigo usiokwisha, na huku inamwaga kemikali za kuita msaada. Eneo hilo likibaki katika hali ya kujihami kwa muda mrefu, tishu za jirani zinaweza kuumia. Hilo limeonekana waziwazi maabara, kwenye seli na kwenye panya. Dosari ni kwamba majaribio mengi hutumia vitufe vya polistirini (aina moja ya plastiki), vya duara kamili, vipya, kwa dozi kubwa kuliko zile tunazokutana nazo. Plastiki iliyoko kwenye vumbi la sebuleni kwako haifanani na hiyo: ni nyuzi, ni vigae vyenye ncha, imeshapigwa na jua na kubeba uchafu mwingine.

Kuhusu kondo la nyuma: ni kweli. Watafiti wa Italia walichunguza makondo 6 wakakuta vipande 12 ndani ya makondo 4, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Mwaka 2022 wenzao wa Uholanzi wakaripoti plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22. Hata maziwa ya mama: kati ya akina mama 34 waliopimwa Italia, 26 walikutwa nayo. Tafiti hizi zinaonyesha kwamba chembe zinafika. Hazionyeshi kwamba zikifika mtoto anapata madhara. Akina mama wale walijifungua na kunyonyesha kama wengine. Na kabla hujafikiria kuacha kunyonyesha: kunyonya moja kwa moja kunaiondoa chupa, maji ya moto na vyombo vyote kati yako na mtoto, mbali na kinga anayoipata. Nyonyesha kadiri utakavyoweza.

Ya ubongo ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico uliochapishwa 2025 uliripoti kwamba sampuli za ubongo za mwaka 2024 zilikuwa na takriban mikrogramu 4,917 za plastiki kwa kila gramu, karibu nusu ya asilimia ya uzito. Ubongo wa kilo 1.4 ungekuwa basi na gramu 7 hivi, na hapo ndipo kijiko kilipopatikana. Sasa linganisha na zile nanogramu 583 kwa siku: kujaza gramu 7 kungechukua zaidi ya miaka 30,000, hata kama kila chembe iliyoingia ingekwenda kichwani na isitoke. Ama makadirio ya kumeza yako chini mno, ama kipimo kimesoma kitu kingine na kukiita plastiki. Mimi naegemea la pili. Njia iliyotumika huivunja sampuli kwa joto kali bila oksijeni, kisha hutambua plastiki kwa vipande vya kemikali vinavyobaki. Mafuta ya mwilini, yakivunjwa hivyo, hutoa vipande vinavyofanana na vya polietilini (plastiki ya mifuko), na ubongo ni miongoni mwa viungo vyenye mafuta mengi kuliko vyote mwilini. Wataalamu wengine wa vipimo wameutoa ukosoaji huohuo. Sisemi ubongo hauna plastiki hata chembe. Nasema kijiko hakijathibitika.

Mume wako amesikia kitu cha maana zaidi. Machi 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Italia juu ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye mishipa mikubwa ya shingoni. Kati ya wagonjwa 257 waliofuatiliwa, 150 walikuwa na polietilini ndani ya mafuta hayo, na 31 walikuwa pia na PVC (plastiki ya mabomba). Kwa takriban miezi 34, wenye plastiki walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wasiokuwa nayo. Ni tofauti kubwa, na mimi huichukulia kwa uzito. Lakini wote walikuwa wagonjwa wa mishipa tayari. Huenda plastiki ilichochea ugonjwa. Huenda mishipa iliyochakaa zaidi hunasa chembe nyingi zaidi. Huenda mazingira yanayomletea mtu plastiki nyingi yanamletea pia moshi na mafuta mabaya. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kutenganisha hayo. Kwa mtu mwenye presha, kinachojulikana bila shaka yoyote ni kwamba presha isiyodhibitiwa huleta kiharusi. Ameze dawa zake bila kuruka, apunguze chumvi, aache sigara kama anavuta. Akibadilisha vyombo vya jikoni huku anaruka dawa, atakuwa ameziba tundu dogo na kuacha mlango wazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo habari nyingi hulipita, ingawa lina ushahidi mzito kuliko chembe zenyewe. Plastiki si polima tupu, yaani ile minyororo mirefu ya molekuli inayoiunda. Huchanganywa na viungo vya kuilainisha, kuipa rangi, kuikinga na jua. Vingi kati ya hivyo havijafungwa kwenye polima kwa kemia. Vimechanganywa tu, kama mafuta kwenye unga, na huhama taratibu kwenda kwenye chakula. Huhama haraka zaidi palipo na joto, mafuta, tindikali na muda mrefu wa kukaa. Maarufu ni jamii ya ftaleti, zinazolainisha PVC, na bisfenoli A, au BPA, iliyokuwa ikitumika kwenye chupa ngumu za polikaboneti na kwenye utando wa ndani wa makopo ya chakula. Hizi huingilia kazi ya homoni, na homoni ndizo zinazoongoza ujenzi wa mtoto tumboni. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2022, uliokusanya takwimu za wajawazito zaidi ya 6,000, ulikuta kwamba wenye ftaleti nyingi kwenye mkojo walikuwa na uwezekano mkubwa kiasi wa kujifungua kabla ya wakati. Ongezeko lenyewe halikuwa la kutisha, lakini lilionekana. Umoja wa Ulaya uliiondoa BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka yake ya chakula ikashusha kiwango kinachokubalika kwa siku mara 20,000.

Habari njema imo humohumo. Kemikali hizi, tofauti na chembe, hazikai. Mwili huzisukuma kwenye mkojo ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Tunazikuta kwa kila mtu kwa sababu tunaziingiza upya kila siku. Mwaka 2011 familia 5 za Marekani, watu 20, zilipewa kwa siku tatu tu chakula kisichofungashwa kwenye plastiki wala makopo. BPA kwenye mkojo wao ilishuka kwa asilimia 66, na mabaki ya ftaleti kuu kwa zaidi ya nusu. Siku tatu! Wewe una takriban wiki 10 mbele yako. Usihesabu miaka iliyopita, hesabu hizo.

Kwa hiyo jikoni anza na maikrowevu. Maneno "salama kwa maikrowevu" yaliyoandikwa chini ya chombo maana yake ni kwamba chombo hakitayeyuka wala kupinda. Hayasemi kwamba hakitaachia kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 2023 walipasha vyombo vya chakula cha watoto kwa dakika tatu, na baadhi yake viliachia hadi chembe milioni 4.22 za mikroplastiki na bilioni 2.11 za nanoplastiki kwa kila sentimita moja ya mraba. Umeshajifunza kuuliza uzito, kwa hiyo tarakimu hizo hazitakukimbiza. Lakini zinaonyesha mahali pa kwanza pa kuchukua hatua, na hatua yenyewe haina gharama. Hamishia chakula kwenye sahani ya kauri au bakuli la kioo, funika kwa sahani nyingine badala ya karatasi ya plastiki, kisha pasha. Baada ya kupika, subiri chakula kipoe kabla ya kukiweka kwenye chombo cha plastiki. Supu yenye mafuta inayotoka jikoni ikichemka ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu joto na mafuta vimekutana.

Vyombo vya plastiki ulivyo navyo si lazima uvitupe. Vihamishie kwenye kazi baridi na kavu: nafaka, unga, matunda mazima. Toa kilichopauka, kilichochubuka ndani, kinachonata ukikigusa au kilichobaki na harufu hata baada ya kuoshwa. Uso ukishaharibika, kumeguka huongezeka. Namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo ni aina ya plastiki kwa ajili ya urejelezaji, haipimi usalama. Bado inasaidia kidogo: 3 ni PVC, 6 ni polistirini, 7 ni mchanganyiko unaoweza kuwa polikaboneti, na hizo tatu ningeziweka mbali na chakula cha moto kabla ya nyingine. Melamini, zile sahani ngumu nyepesi zinazofanana na kauri, zisiingie kwenye maikrowevu kabisa.

Chupa ya mtoto naomba uisome mara mbili, kwa sababu hapa mtu anaweza kukwepa hatari ndogo akaangukia kubwa. Watafiti wa Trinity College Dublin walionyesha mwaka 2020 kwamba chupa za polipropilini huachia hadi chembe milioni 16 kwa lita wakati wa kutengeneza maziwa. Walipobadilisha joto la maji kutoka nyuzi 25 hadi 95, chembe zilipanda kutoka takriban 600,000 hadi milioni 55 kwa lita. Mama akisoma hapo anaweza kuamua kutumia maji ya vuguvugu, au kuacha kuchemsha chupa. Usithubutu. Maziwa ya unga yanaweza kubeba bakteria aitwaye Cronobacter, ambaye kwa mtoto mchanga huleta maambukizi ya damu na ya utando wa ubongo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yasiwe chini ya nyuzi 70 yanapokutana na unga. Joto tunalihitaji, tulitumie tu nje ya plastiki.

Fanya hivi. Chemsha chupa na chuchu kama kawaida, ziache zipoe. Pembeni chemsha maji kwenye sufuria ya chuma yenye mfuniko na uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Kwa maji hayo suuza chupa mara tatu na kuyamwaga, kwa sababu chembe nyingi hulegea wakati wa kuchemsha na kubaki ndani. Kisha chemsha maji ya maziwa, usiyaache zaidi ya dakika 30 ili yasishuke chini ya nyuzi 70, na uyamimine kwenye jagi la chuma au la kioo kinachostahimili moto ambalo nalo limechemshwa. Weka unga kwa kipimo cha kopo na ukoroge kwa kijiko kilichochemshwa. Poza jagi ndani ya beseni la maji baridi hadi tone ukiliweka kwenye kifundo cha mkono usisikie moto. Sasa ndipo umimine kwenye chupa. Usiitikise kwa nguvu, usiyapashe tena yakiwa ndani yake, na yaliyokaa zaidi ya saa mbili yamwage. Au nunua chupa za kioo na upunguze hatua hizi. Angalia tu mdomo wa chupa kila siku kama umemeguka, na usimimine maji yanayochemka kwenye chupa iliyo baridi.

Maji ya kunywa yanategemea jambo moja: je, ya bomba ni salama? Kama si salama na huna njia ya kuyatibu, endelea na ya chupa bila kujilaumu, kwa sababu kipindupindu na homa ya matumbo si nadharia. Chuo Kikuu cha Columbia kiliripoti mwaka 2024 wastani wa chembe 240,000 kwa lita ya maji ya chupa, takriban asilimia 90 zikiwa nanoplastiki. Ni nyingi, lakini sasa unajua namna ya kusoma tarakimu ya aina hiyo. Usiziache chupa juani au ndani ya gari, na zile za matumizi ya mara moja usizijaze tena na tena. Kama maji ya bomba unaweza kuyachemsha, una faida nyingine: utafiti wa Guangzhou wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe wa chokaa kwenye birika, yakichemshwa dakika 5 chokaa hunasa chembe na kuzama nazo, na kuondoa hadi asilimia 90 katika maji magumu sana. Maji laini huondoa kama robo tu. Yaache yatulie, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, na usimwage tope la chini kwenye glasi. Chemshia kwenye chuma.

Na usidhani kioo ni suluhisho la kila kitu. Shirika la usalama wa chakula la Ufaransa, ANSES, liliripoti 2025 kwamba soda na bia za chupa za kioo zilikuwa na takriban chembe 100 kwa lita, nyingi kuliko za chupa za plastiki. Chanzo kilikuwa rangi iliyopakwa nje ya vizibo vya chuma.

Mengine ni ya haraka. Vifuko vya chai vinavyong'aa kama nailoni viache, tumia majani na chujio la chuma; tarakimu ya chembe bilioni 11.6 kwa kikombe iliyotangazwa 2019 imepingwa, kwa kuwa huenda sehemu ya kilichohesabiwa ni kemikali iliyoyeyuka na kuganda sampuli ilipokauka, ila hata hiyo kemikali huna haja ya kuinywa. Kibao cha plastiki chenye mikato mingi kibadilishe kwa cha mbao. Vumbi la ndani lina nyuzi nyingi za nguo, mapazia na mazulia, na mtoto wa miaka mitatu anachezea sakafuni na kutia vidole mdomoni: piga deki na futa kwa kitambaa chenye unyevu, maana ufagio mkavu hurusha, fungua madirisha, mwoshe mikono kabla ya kula. Na plastiki isichomwe karibu na nyumba. Moshi wake una sumu zinazojulikana, hasa PVC ikiwemo.

Kipimo cha damu usinunue. Hakuna kiwango cha kawaida kilichokubaliwa, kwa hiyo hata jibu likija hakuna daktari anayeweza kukuambia ni kubwa au dogo, na chembe moja kutoka kwenye glavu, bomba la sindano au nguo ya mpimaji inaweza kulibadilisha. Dawa za kusafisha mwili nazo hakuna iliyothibitishwa. Mkaa wa dawa hunasa pia dawa nyingine ulizomeza. Dawa za kuondoa metali mwilini haziigusi plastiki na zina hatari zake. Mitishamba isiyojulikana wakati wa ujauzito ni kamari. Kuna kliniki zinazouza huduma ya kuchuja damu kwa mashine, kwa bei kubwa, bila ushahidi kwamba afya ya mtu inabadilika. Tena mashine yenyewe damu hupita ndani ya mirija ya plastiki. Hapohapo, ukiwekewa dripu wakati wa kujifungua usiikatae kwa sababu ya plastiki: faida yake ipo wazi na ya haraka.

Kuna nyakati ambazo lazima uonane na mtu uso kwa uso. Kama wewe au mume wako mnafanya kazi ya kusaga au kuyeyusha plastiki, au kwenye kiwanda cha nyuzi za nailoni au poliesta, na kuna kikohozi kisichoisha au pumzi fupi, nendeni mkapimwe mapafu na mtaje kazi yenyewe. Ugonjwa wa mapafu wa wafanyakazi wa nyuzi fupi za nailoni umejulikana tangu miaka ya 1990. Mtoto akimeza kipande cha plastiki kisha akakabwa, akatokwa mate mengi, akatapika au kulalamika tumbo, mpeleke mara moja, na ueleze ni plastiki, kwa sababu mara nyingi haionekani kwenye eksirei. Usiku ukiendelea kukosa usingizi kwa hofu hii, au ukaanza kuogopa kula na kunywa, mweleze mkunga wako kliniki. Wasiwasi wa wakati wa ujauzito ni jambo linalotibika na hana sababu ya kukucheka.

Na usiruhusu plastiki ifunike dalili nyingine. Kutokwa na damu au maji ukeni, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu ya kubana na kuachia kabla ya wiki 37, au mtoto kupunguza kucheza kuliko alivyozoea: mojawapo ya hayo likitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.